Usiwe Kama Mama Haamini

Yule mbuzi lilikuwa wazo la Bando mwenyewe, tusimsingizie mtu. Mkurugenzi aliomba kampeni ya mtandaoni ya kuwavuta watu waje Makumbusho ya Sayansi; hakuomba mbuzi. Mpiga picha naye hakuomba mbuzi. Ni Bando aliyekaa mbele ya kompyuta, mguu mmoja kaukunja kitini, chai imepoa pembeni, akatafuta sauti ya mbuzi, akaikata ibaki "mee" moja fupi, kisha akaibandika mwishoni mwa swali la mama yake mzazi. Akaisikiliza. Akacheka peke yake hadi machozi.

Bando ni jina alilopewa kazini, kwa sababu kurasa zote za makumbusho zilikuwa mikononi mwake, na kwa sababu mwezi haukuisha kabla hajapita ofisi kwa ofisi akiomba arushiwe bando la intaneti. Kabla ya mbuzi alikwishajaribu kila kitu. Alipiga picha lile tufe la shaba linaloning'inia kwa waya mrefu katikati ya ukumbi, linalobembea kutwa na kuangusha vijiti vilivyopangwa sakafuni ili wageni waone kwamba dunia inazunguka. Picha ikapendwa na wafanyakazi wenzake na shangazi yake. Aliweka shindano la kukisia mfupa ni wa mnyama gani, akajibu mtu mmoja tu, naye alitaka kujua kama kuna nafasi za kazi. Mkataba wa Bando ulikuwa wa mwaka mmoja, na mwaka ulikuwa ukingoni. Mkurugenzi, mwanamke mwenye tabia ya kutoa habari mbaya huku akitabasamu, alimwambia kwamba kurasa zisipochangamka, ndiyo hivyo tena. Bando alielewa. Unga wake ungemwagika.

Basi mama yake akapita makumbusho siku moja kuchukua ufunguo wa nyumba.

Mama alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika vyumba viwili mbele. Aliachishwa shule mapema ili wadogo zake wapate nafasi, na maswali yake yote yakabaki bila mtu wa kuyajibu. Hakuacha kuyauliza. Kwa nini kitunguu kinaliza na kitunguu saumu hakilizi. Kwa nini jogoo anajua kumekucha ilhali banda lina giza. Bando alikua akidhani kila mama yuko hivyo. Siku alipopata kazi makumbusho, mama alitangaza mtaa mzima kwamba mwanawe ameajiriwa kwenye nyumba ya majibu.

Siku hiyo ya ufunguo alisimama mbele ya tufe, akaelezwa na mwongozaji wa wageni, kijana mwenye miwani ambaye wote walimwita Profesa, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akashika kiuno.

"Mimi siamini," alisema. "Sibishi, baba, ila siamini. Kama dunia inazunguka, mbona sufuria nikiiacha jikoni naikuta palepale?"

Ukumbi mzima ulicheka, na yeye akacheka nao, maana alipenda kuwachekesha watu na alijua ameuliza swali zuri. Profesa akamjibu vizuri pia. Mpiga picha alikuwa anajaribu kamera yake, akayanasa yote.

Jibu la Profesa ndilo Bando alilolikata. Mahali pake akamweka mbuzi, na chini kwa maandishi mekundu yanayopita mbio akaandika: *Usiwe kama Mama Haamini. Njoo makumbusho.*

Ilisambaa kama moto kwenye nyasi kavu. Watu waliitumiana, wakairudia, wakaiga mkono wa kiunoni. Mkurugenzi alikuja mwenyewe hadi kwenye meza ya Bando, akitabasamu, na safari hii habari ilikuwa njema. "Mlete tena huyo mama," alisema. "Mlete kila wiki."

Kilichobaki ni mama mwenyewe. Simu yake ilikuwa ya vitufe, ya kupiga na kupokea, kwa hiyo jioni ile alivuta kiti karibu na Bando na kuomba aonyeshwe. Bando alikuwa amejiandaa. Alitengeneza nyingine, isiyo na mbuzi wala maandishi, yenye jibu la Profesa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama aliitazama akiwa ameshika mashavu.

"Kumbe nina sura ya televisheni," alisema. "Na wanaitazama watu?"

"Wengi, mama."

"Wanasema nini?"

"Wanafurahi sana."

Hapo hakusema uongo, ukitaka kumtetea. Lakini kuanzia siku hiyo kila video ilitengenezwa mbili, moja ya watu na moja ambayo kazini waliiita "ya nyumbani". Hicho kilikuwa kilemba cha ukoka, na Bando alimvisha mama yake kila wiki kwa mikono yake mwenyewe.

Mama alikivaa kwa fahari. Alijishonea gauni la bluu la kuendea makumbusho. Maswali aliyatunga akishona, akayashika kichwani, akayajaribu kwa wateja. Na majibu aliyashika vilevile. Mteja akija kuchukua sketi, anasimamishwa aelezwe kwamba ukiwa ndani ya treni iendayo kasi kikombe chako hakirudi nyuma, kinakwenda pamoja nawe, na ndivyo ilivyo sufuria na dunia.

"Hili la sufuria sasa naliamini," alimwambia Bando. "Uwaambie watu. Isije ikaonekana naambiwa na sisikii."

"Nitawaambia."

Hakuwaambia. Mama Haamini anayeamini angekuwa na faida gani?

Jioni nyingine, wakiwa mezani, mama alisema kwamba watoto wa mtaani wana mchezo mpya. Akipita wanalia kama mbuzi. "Sijui wamefundishwa wapi," alisema, "lakini wanaigiza vizuri, huwezi kuamini." Akaigiza na yeye, akacheka. Bando alijifanya kufuata maji jikoni. Alisimama huko akiwa ameshika bomba bila kulifungua.

Majirani je? Majirani waliiona ya mbuzi, tena mapema. Lakini watu ni hodari wa kusengenya, si wa kusema usoni. Walimwambia, "Tumekuona, Mama Haamini," naye akajibu, "Asanteni, asanteni," na wao wakasubiri apite kona.

Mtu mmoja tu alifungua mdomo. Profesa alimkuta Bando chumba cha kuhariria, akasimama mlangoni.

"Huyu si mama yako mzazi?"

"Ndiye. Na mwenyewe anafurahi, kamuulize."

"Anafurahia ipi?"

Bando alimwambia afunge mlango anapotoka. Tangu hapo aliacha kumsalimia, na akawaambia wenzake kwamba Profesa anaona wivu kwa sababu majibu yake yanakatwa. Mtu akijua amekosa na hataki kujua, humchukia anayejua.

Mambo yalikuwa na utaratibu wake. Ukumbini kwenye mapokezi palikuwa na skrini kubwa iliyocheza video hizo kutwa. Siku za mama kurekodi, Bando alimwomba dada wa mapokezi aizime. Dada wa mapokezi hakuuliza sababu, aliizima, na mama akipita anakuta ukuta mweusi. Lakini siku ile dada aliamka anaumwa, mahali pake akakaa mtu wa idara nyingine, na mama akawahi kwa sababu alikuwa amepeleka sare shule ya jirani na hakuona haja ya kurudi nyumbani.

Bando alikuwa anashuka ngazi, maikrofoni mkononi, aliposikia watoto wanalia "mee" kwa pamoja.

Lilikuwa darasa zima limesimama mbele ya skrini, watoto wenye sare za kijani na kola nyeupe. Wao waliijua video kwa moyo, kwa hiyo walilia kabla mbuzi hajalia, na mbuzi alipolia wakashangilia. Nyuma yao, amesimama katika gauni la bluu, alikuwa mama. Alikuwa anatabasamu. Alijiona pale juu, uso wake mkubwa kama mlango, akiuliza swali lake, na alikuwa anasubiri Profesa ajibu. Mbuzi akalia. Skrini ikaleta swali la wiki nyingine, la jogoo. Mama akasubiri tena. Mbuzi akalia tena, na safari hii Bando aliona tabasamu likibaki usoni mwa mama bila kazi, kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni.

Mama aliinama kwa msichana aliyekuwa mbele yake.

"Mjukuu wangu, miwani nimeiacha kwenye cherehani. Hayo mekundu yanasema nini?"

Msichana alisoma kwa ile sauti ya darasani, kila neno kwa zamu yake. "Usiwe. Kama. Mama Haamini. Njoo. Makumbusho." Kisha akageuka amwangalie aliyemuuliza. Akaangalia skrini. Akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Umesoma vizuri," mama alimwambia. Akainyoosha kola ya msichana iliyokuwa imepinda, akaibana mshono kwa vidole kuona kama umeshika, maana sare zile alizishona yeye. Halafu akainua macho kuelekea ngazi.

Hapa ndipo Bando alipofanya jambo ambalo baadaye lilimtesa kuliko mbuzi. Alirudi nyuma ya nguzo. Mtu mzima, mwenye kazi yake na kitambulisho shingoni, alijificha mama yake asimwone. Alisimama pale akiomba ardhi ipasuke, na ardhi, kama kawaida yake, haikupasuka. Alipotoka, mama alikuwa ameondoka. Watoto walikuwa wamehamia kwenye mifupa.

Jioni alimkuta kwenye cherehani. Gauni la bluu lilikuwa limekunjwa juu ya kitanda, limepigwa pasi kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chakula kiko jikoni."

"Mama, leo..."

"Nimeona." Aliendelea kukanyaga pedali hadi mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. "Mbuzi hajaniudhi. Mbuzi ni mbuzi."

Bando alipiga magoti pale kwenye vipande vya vitambaa, akaanza kueleza. Alieleza mkataba, mkurugenzi, kurasa zilizokufa. Alisikia maneno yake mwenyewe na kuona yanavyonuka. Mama alimwacha amalize.

"Ulikuwa unanipikia chungu changu peke yangu," alisema, "kama mgonjwa. Unakaa hapa karibu yangu, tunatazama wote, unacheka na mimi. Halafu kesho unakwenda kuwapa watu chungu kingine."

"Niliogopa kukuumiza."

"Hapana. Uliogopa nitakataa." Akageuza kitambaa upande wa pili. "Ungeniambia, mwanangu. Ungesema, mama, kazi yangu inataka mtu wa kuchekwa. Ningelia kama mbuzi mwenyewe. Hata kompyuta usingehitaji."

Bando alilia, na mama akampa kipande cha kitambaa cheupe cha kola afutie machozi, kwa sababu mama ni mama, na hilo likamzidishia aibu.

Hakukuwa na ugomvi baada ya hapo. Laiti ungekuwepo. Mama alipika, alishona, aliitikia salamu, aliuliza kama mlango umefungwa. Lakini maswali yake yalikoma. Bando alikata vitunguu makusudi mbele yake, akalia machozi ya kweli na ya vitunguu, akasubiri. Mama alimsogezea bakuli. Mvua ilinyesha jua likiwaka, jambo ambalo zamani lingemchukua mama jioni nzima, na mama akaenda kuanua nguo. Nyumba ilikuwa na utulivu usio wa kawaida, na Bando ndiye aliyeuleta. Alijua kabisa kwamba hamu ya mama ya kuuliza ndiyo aliyoivunja, na kwamba asipoirudisha hakuna atakayeirudisha.

Akaenda kwa mkurugenzi. Alisema anataka kufuta video zote za Mama Haamini.

"Lakini zile ni mali ya makumbusho," mkurugenzi alisema akitabasamu.

Bando akasema basi aondoe mbuzi na maandishi, arudishe majibu, na siku ya maadhimisho ya makumbusho warushe matangazo mubashara, mama akiuliza, Profesa akijibu, bila kukatwa hata neno moja. Wataiita Mama Anauliza. Mkurugenzi alifikiri. Watu wangejaa kumwona yule mama kwa vyovyote vile, na mkataba wa Bando ungeweza kuzungumzwa siku hiyohiyo. Akakubali. Bando alimwomba Profesa radhi mbele ya wenzake, akakiri kwamba suala halikuwa wivu. Profesa alisema yameisha, ila hakumwangalia sana.

Mama alikubali kabla Bando hajamaliza kueleza.

"Siku gani?" aliuliza. "Nitakuja."

Bando alilala usiku huo kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alidhani amesamehewa, na kwamba siku hiyo, mbele ya watu walewale waliomcheka, mama angeuliza na kujibiwa kwa heshima, na maswali yake yangerudi.

Siku ya maadhimisho ukumbi ulijaa. Mama alifika kwa wakati, si kwa gauni la bluu bali kwa nguo zake za kazini, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Watu wakampigia makofi. Aliwapungia mkono, akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa, karibu na Profesa, mgongo umenyooka. Bando alipiga magoti mbele yake kumbandika maikrofoni. Mama akaichukua pini mkononi mwake, akaibandika mwenyewe.

"Leo nikosee wapi?" mama aliuliza.

Aliuliza kwa sauti ya chini na ya kawaida kabisa, kama fundi anayemuuliza mteja urefu wa sketi. Hapakuwa na kejeli ndani yake. Bando alimtazama usoni akitafuta kejeli, maana kejeli angeivumilia.

"Hakuna kukosea leo, mama. Nilikueleza. Uliza chochote unachotaka kujua."

Mama aliangalia juu kwenye kuba, akaangalia tufe linavyokwenda na kurudi, akaangalia mifupa na vioo, kama mtu anayepita dukani asiye na nia ya kununua.

"Sina," alisema.

"Chochote, mama. Hata kidogo."

"Nimekwambia sina. Niambie la kusema niliseme, watu wako wanangoja."

Mpiga picha alikuwa ameinua mkono, anahesabu kwa vidole. Mkurugenzi alisimama nyuma yake akitabasamu. Kwenye simu ya Bando idadi ya watazamaji ilikuwa inapanda. Angeweza kusimama na kusema leo basi. Alilifikiria, tusimnyime hilo. Vidole vikabaki viwili, na Bando akamsogelea mama sikioni, akamnong'oneza kwamba aulize kwa nini mbingu ni ya bluu.

Taa nyekundu ya kamera ikawaka. Mama akashika kiuno palepale alipokaa, akatoa macho, akainamisha kichwa upande, yote kama watu walivyomzoea.

"Mimi siamini," alisema kwa ile sauti yake kubwa. "Sibishi, baba, ila siamini. Kwa nini mbingu ni ya bluu?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Profesa alijibu vizuri, taratibu, kwa mifano, akimtazama mama machoni kwa heshima yote. Mama alitikisa kichwa panapostahili kutikiswa, akasema "ahaa" panapostahili "ahaa". Bando peke yake ndiye aliyejua kwamba hasikilizi. Vidole vyake vilikuwa vinaukunja utepe wa kupimia na kuukunjua mapajani, na macho yake yalikuwa kwenye mdomo wa Profesa, yakisubiri uache kutembea.

Makofi yalipopigwa mkurugenzi alimshika Bando bega. "Ana kipaji huyu," alisema. "Njoo kesho tuzungumze mkataba."

Mama alikwishabandua maikrofoni. Aliukunja waya wake vizuri, akampa Bando mkononi.

"Imetosha," aliuliza, "au turudie?"

Bando alimwambia imetosha. Mama akaaga mmoja mmoja, kwa adabu, akarudi kwenye sare za watu.